Mkono wa Tarumbeta

Walimwita Tarumbeta, naye hakuwahi kununa. Msusi asiye na maneno, alisema, ni sawa na kinyozi asiye na wembe: utakaa kwake kutafuta nini? Saluni yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao, viti viwili vya kuzunguka, kioo kirefu chenye ufa, benchi la wanaosubiri, na mlango uliokaa wazi mchana kutwa kwa kuwa kila mara kulikuwa na mtu anaingia. Wengine hata nywele za kusuka hawakuwa nazo. Walikuja kupumzisha miguu na kujaza masikio. Ukitaka kujua nani kaposwa, nani kafukuzwa kazi, nani kahamishiwa godoro sebuleni na mkewe, unajibana pale kwenye benchi na kungoja. Habari itakufikia ikiwa bado inatoa mvuke.

Lakini Jumamosi ile Tarumbeta halikulia.

Alikuwa anamsuka karani wa posta, msuko wa mistari, kazi ambayo kwa kawaida aliifanya huku macho yakiwa barabarani. Mistari ikapotoka, ikagongana katikati ya utosi kama njia za panya. Akafumua. Akaanza upya. Akaacha kichwa nusu, akaenda mlangoni, akachungulia huku na huku, akarudi. Akawasha redio, akaizima.

"Dada, una nini leo?" karani akauliza. "Unahangaika kama kuku anayetafuta pa kutagia."

"Joto tu."

"Joto lipi, na wewe umevaa sweta?"

Benchi zima likacheka. "Mwache," akasema mmoja. "Kesho mumewe anapigiwa kura. Ungekuwa wewe ungetulia?"

Ndivyo ilivyokuwa. Kesho yake baada ya ibada kulikuwa na mkutano wa washirika, na ajenda ilikuwa moja tu: mumewe.

Kanisa lao lilikuwa la Kibatisti, na kwa Wabatisti, kwa faida ya asiyewajua, hakuna askofu wa kuwaamulia mambo. Kila kanisa linajisimamia. Mchungaji anaitwa na washirika, mashemasi wanachaguliwa na washirika, hata bati la choo halibadilishwi mpaka washirika wanyooshe mikono. Msomi ana mkono mmoja, bibi asiyejua kusoma ana mkono mmoja. Na mshirika ni mtu aliyeamini kwa akili zake, akakiri kwa kinywa chake, akazamishwa majini mzima mzima. Kitoto kichanga hawakibatizi. Hakuna, wanasema, anayeweza kumwaminia mwenzake, hata awe mama yake mzazi.

Kanisa lile lilikuwa na desturi yake nyingine ya tangu waanzilishi: mgeni hapokelewi mpaka asipatikane wa kupinga. Mkono mmoja ukipinga, jambo linakwama mpaka mwenye mkono aridhike.

Sasa Fundi. Mume wa Tarumbeta alikuwa mwashi, mtu wa maneno machache, maana nyumba moja haiwezi kubeba midomo miwili ya namna ile. Ukuta wa kanisa alijenga yeye. Ngazi alijenga yeye. Kisima cha ubatizo, kile kilichokaa chini ya jukwaa la kwaya na kufunikwa kwa mbao, alikijenga yeye, na tangu siku hiyo hakijavuja hata tone. Ila yeye mwenyewe hakuwahi kuingia ndani yake kikiwa na maji. Tangu aoe alikuja ibadani kila Jumapili akakaa ubavuni mwa mkewe, na siku ya Meza ya Bwana sinia lilipofika kwake, alilipokea kwa mikono miwili akampa jirani. Hakula. Hakunywa. Meza ilikuwa ya waliozamishwa. Tarumbeta alitafuna kipande chake cha mkate huku akitazama kwa pembeni ile mikono iliyokakamaa kwa saruji, inavyopitisha sinia kama mtu aliye kwenye mstari wa kupokezana matofali ya nyumba isiyo yake.

Mchungaji, kijana mpole aliyeitwa hapo hivi karibuni, alimwendea siku moja. "Fundi, kinachokuzuia kubatizwa ni nini?"

Fundi akakamata la kwanza lililompitia kichwani. "Mama yangu alishanibatiza nikiwa mchanga kwenye kanisa lake. Nikirudia, nitakuwa namwambia marehemu alifanya kazi bure."

Kwingine wangekiita kisingizio, yakaisha. Lakini mtajie Mbatisti dhamiri ya mtu, utaona anavyosimama wima. Mchungaji akampelekea habari Shemasi Mkuu, mwalimu mstaafu wa historia aliyefiwa na mkewe, na ambaye watu walimwita Hoja kwa kuwa hajawahi kukaa mkutanoni bila kunyanyuka na kusema, "Hoja, mwenyekiti." Hoja akatoa machozi. Mtu anayezuiwa na dhamiri! Si ndilo jambo lililowafanya wazee wao wa imani wafungwe magerezani? Akaandika pendekezo: Fundi apokelewe bila maji.

Hapo ndipo moto ulipowaka. Muuguzi mstaafu, mjane mmoja mkali aliyepewa jina la Sindano, alisimama palepale mlangoni pa kanisa na kusema kwa sauti ya wodini: "Ubatizo ni kuzikwa. Nani kati yenu amewahi kuona maiti inazikwa kwa kunyunyiziwa mchanga kwenye paji la uso?" Watu wakagawanyika, wa Maji na wa Kavu. Sauti ya kwanza ya kwaya ikaenda kwa Maji, besi ikabaki kwa Kavu, na wimbo wa Jumapili iliyopita ukafia ubeti wa pili kwa sababu hakuna aliyetaka kumfuata mwenzake. Familia kadhaa zilishaanza kuulizia ukumbi wa shule ili zikaanzishe kanisa lao.

Na ukweli wenyewe? Ulikuwa mdogo kama mbegu ya pilipili, na ulimkaa Tarumbeta kooni.

Fundi alikuwa anaogopa maji.

Alipokuwa mwanagenzi aliteremshwa ndani ya tangi la ardhini kupiga plasta. Mvua ikaja ghafla, mtaro ukafurika ukamwagikia ndani, ngazi ikaelea. Maji yakamfika kiunoni, yakamfika shingoni, yakamziba mdomo. Walimvuta kwa kamba akiwa ameshayanywa ya kutosha. Tangu siku hiyo alijenga matangi ya nusu ya mji, lakini ndoo ya kwanza ilipomiminwa yeye alikuwa mbali, anaosha mwiko. Nyumbani alioga kwa kata, akianzia miguuni, na uso aliufuta kwa taulo bichi. Jambo kama hilo mke hawezi kukosa kuliona. Siku alipomweleza, alimshika mkono akasema, "Ukimwambia mtu, nahama mji. Mjenzi wa matangi anayeogopa maji! Watanicheka mpaka kaburini."

"Nimwambie nani mimi?" alijibu Tarumbeta. Na hakumwambia mtu. Mwanamke aliyetangaza mimba za watu kabla ya waume zao kujua, alikalia siri hiyo moja kama mtu aliyekalia mlango ambao mwizi anausukuma kwa upande wa pili.

Karani alikuwa bado hajamalizika kusukwa pale Sindano mwenyewe alipoingia. Mtu wa benchi akasogea, akampa nafasi.

"Nataka rangi," akasema Sindano.

"Rangi ya kucha?"

"Ya nywele. Nyeusi."

Kama jambo lile lingetokea wiki nyingine yoyote, Tarumbeta angeiacha dunia yote ichachuke mpaka ajue sababu. Sindano! Aliyeziacha mvi zake kama bendera tangu azike mumewe! Benchi lilimtazama Tarumbeta kwa macho ya njaa: uliza, uliza. Lakini yeye alichanganya rangi kwenye bakuli, akavaa glavu, akaanza kupaka kimya kimya.

"Shoga hayupo leo," mmoja akanong'ona. "Kabaki mwili tu."

Sindano akamtazama kupitia kwenye kioo. "Mama, sitaki kukuficha. Mumeo nampenda. Upepo ulipong'oa bati langu, ni yeye aliyepanda juu. Lakini kesho mkono wangu utapinga. Usinichukie."

Tarumbeta nusura aangushe bakuli kwa raha. Mkono mmoja tu, na huo hapo, umejitolea wenyewe! Pendekezo litakwama, Hoja atakunja karatasi zake, Fundi atabaki alivyo, na yeye hatalazimika kufanya lolote.

"Kila mtu na dhamiri yake, mama," akasema kwa upole, hata Sindano akageuka kumtazama vizuri.

"Hukasiriki?"

"Nikasirike kwa lipi? Inamisha kichwa, rangi isikuingie sikioni."

Jioni alimkuta mumewe kanisani. Mbao za jukwaa zilikuwa zimetolewa, naye alikuwa amesimama ndani ya kisima kikavu akisugua vigae kwa brashi, anapiga mluzi. Kulikuwa na vijana waliotarajiwa kubatizwa Jumapili ya wiki iliyofuata. Mle ndani, bila maji, alikuwa kama mtu aliye sebuleni kwake.

"Baba," akamwita kutoka juu.

"Mama. Umekuja kukagua kazi?"

"Waambie."

Mluzi ukakatika. "Niwaambie nini?"

"Unakijua. Kanisa linapasuka, mume wangu. Watu waliozikiana wazazi wanapitana bila salamu. Hoja ameandika hotuba ndefu kama treni ya mizigo. Yote hayo kwa ajili ya tangi."

"Hawapasuki kwa sababu yangu. Hawa wanapenda kubishana tu, hata usingizini wanapiga kura."

"Wanapenda, ndiyo. Lakini mara hii wanabishania uongo."

"Si uongo. Mama alinibatiza kweli."

"Na kama maji ungekuwa huyaogopi, ungekataa kubatizwa kwa ajili ya mama?"

Fundi akaendelea kusugua kigae ambacho kilikwishatakata. Kisha akasema chini chini, bila kuinua uso, "Nimechoka kupitisha sinia. Wakinipokea kavu, nitakula. Kuna ubaya gani?"

Maneno yale yalimchoma. Aliketi ukingoni, miguu inaning'inia kisimani.

"Ubaya ni kwamba utakula huku ukijua. Kila ukitafuna utakumbuka kuwa walikupa kwa jina la mama yako. Sababu yako wewe hawakuwahi kuisikia."

Fundi akaweka brashi chini. "Kesho utanyoosha mkono?"

"Sindano atapinga. Halitapita."

"Sikuuliza habari za Sindano. Nimekuuliza wewe."

Tarumbeta, aliyekuwa na jibu la kila swali mtaani kote, alisema ameacha sufuria jikoni, akaondoka.

Siku ya mkutano hapakuwa na kiti kilichobaki. Hata waliohamia mitaa ya mbali walikuja, wengine na watoto mgongoni. Maji walikaa kushoto, Kavu walikaa kulia, na katikati ya njia ungeweza kupitisha mkokoteni. Mchungaji akaomba, akafungua mkutano, kisha akasema kama desturi inavyotaka: "Anayejadiliwa atupishe."

Fundi akatoka. Dirisha la upande lilikuwa wazi, na kutoka hapo zikaanza kusikika hatua zake kwenye kokoto: kru, kru, kru, akifika pembeni anageuka, kru, kru, kru. Tarumbeta alikuwa amekaa safu ya tatu, mkoba mapajani, anaufungua zipu na kuufunga, anaufungua na kuufunga, mpaka jirani yake akamwekea mkono juu yake.

"Hoja, mwenyekiti," akasema Hoja, naye akaanza. Na mpe haki yake, alisema vizuri. Alieleza jinsi wazee wao wa imani walivyokataa kuambiwa na serikali wala na kanisa kubwa waamini nini, wakakutana majumbani na misituni, wakafungwa, wakapokonywa mali. Alieleza hata juu ya ndugu zao wa karibu katika imani hiyo waliofungwa kamba wakatupwa mtoni, huku watesi wakiwacheka: mlipenda maji, haya, yanyweni.

Nje, hatua kwenye kokoto zikasimama. Tarumbeta akafumba macho.

"Na kwa nini waliteswa?" Hoja akaendelea. "Si kwa ajili ya wingi wa maji! Ni kwa sababu walisema nafsi ya mtu ni kati yake na Mungu. Yamekuwapo makanisa yetu tangu zamani yaliyopokea mezani hata wasiozamishwa, na yapo yaliyokataa, wakabishana kwa kalamu, wala hakuna aliyemfunga mwenzake. Je, sisi tutamlazimisha Fundi kumkana mama yake ndipo tumpe kipande cha mkate?"

Upande wa kulia wakapiga makofi. Kushoto wakamgeukia Sindano.

Sindano akasimama. Nywele nyeusi ti, hata wengine walichelewa kumtambua. Tarumbeta akashusha pumzi na kusema moyoni, haya mama, dunga.

"Nilikusudia kupinga," akasema Sindano. "Jana jioni alikuja mtu kwangu, tukazungumza mpaka chai ikapoa. Bado nasema ubatizo ni kuzikwa. Hapo hamnitoi. Lakini nimeuguza watu maisha yangu yote, na kitu kimoja sijapata kukidunga sindano, ni dhamiri ya mtu. Fundi ni ndugu. Sitapinga. Na walio upande wangu nawaomba wasipinge."

Vifijo hivyo! Watu walivuka njia ya katikati wakakumbatiana, besi na sauti ya kwanza wakashikana mikono, bibi mmoja akaimba peke yake. Katika furaha ile yote kulikuwa na mtu mmoja aliyekaa, mkoba ameukumbatia kifuani.

"Wanaokubali?" Mchungaji akauliza.

Mikono ikaota kila upande kama mahindi. Katika msitu ule hakuna aliyegundua mmoja uliokosekana.

"Wanaopinga?" akauliza, huku akiifunika kalamu yake, maana lilikuwa swali la kutimiza utaratibu tu.

Nje kru, kru, kru. Tarumbeta aliusikia ule mwendo. Akaliona sinia. Akaona mikono ya saruji inalipokea, na mara hii haipitishi, inachukua, inapeleka mdomoni, na macho ya mwenye mikono yanakwepa ya mkewe, Jumapili hii na nyingine na nyingine mpaka wazeeke. Akisema neno, amemsaliti. Akinyamaza, amemzika bila maji. Mkono wake ukapanda, taratibu, kama kitu kinachovutwa kwa kamba.

Mchungaji akaifunua tena kalamu.

"Mama…" Mchungaji alisema. "Umesikia swali?"

"Nimesikia."

"Unapinga mumeo apokelewe?"

"Napinga."

Minong'ono ikapita kama upepo kwenye majani makavu. Roho mbaya hiyo. Wana ugomvi. Nilijua tu, juzi alinunua godoro. Hoja alinyanyuka, ameumia waziwazi. "Mama, kanisa lina haki ya kusikia sababu."

"Sina la kusema."

"Huna?"

"Sina la kusema, Shemasi."

"Tarumbeta halina la kusema!" mtu akadakia kutoka nyuma. "Ndugu zangu, tutubu, Bwana yuko mlangoni."

Wakacheka kidogo, kicheko cha wasiwasi, kikafa. Mchungaji hakuwa na njia nyingine. Alimtuma shemasi mmoja akamwite Fundi.

Fundi akaingia na vumbi la kokoto kwenye viatu, akasimama katikati ya ile njia. Mchungaji akamwambia kwa huzuni kwamba kanisa zima limemkubali isipokuwa mkono mmoja.

"Wa nani?" Fundi akauliza.

Hakuna aliyethubutu kumtaja. Wala hapakuwa na haja. Tarumbeta alikuwa amesahau kuushusha. Ulikuwa bado uko juu, peke yake, na alama ya rangi nyeusi ya nywele kwenye kidole gumba.

Mume na mke wakatazamana. Kanisa likageuza vichwa, kushoto, kulia, kama watu wanaotazama mpira.

"Umewaambia?" akauliza Fundi.

"Sijamwambia mtu."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja. Nimekaribia kuvimba, lakini sijamwambia mtu."

Fundi akavuta pumzi ndefu. Aliwageukia watu, akavua kofia ambayo hata hivyo hakupaswa kuingia nayo, akaikunja, akaikunjua.

"Mama yangu alinibatiza, hilo ni kweli," akasema. "Lakini yeye hanizuii. Mimi naogopa maji. Nilizama kwenye tangi nikiwa kijana, na tangu hapo sijaingiza kichwa changu hata kwenye beseni. Mke wangu alijua. Nilimfunga mdomo. Hebu fikirini, huyo mnayemjua, nilimfunga mdomo. Basi."

Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lililomshangaza zaidi baadaye, kwamba miaka yote alikimbia kicheko, na kilipopata nafasi hakikuja.

Sindano ndiye aliyefungua kinywa kwanza. "Kumbe ni hilo tu? Na mimi nimekosa usingizi wiki nzima!"

Hoja alikuwa bado amesimama, karatasi mkononi. "Na zile karne zote nilizowasomea?"

"Zilikuwa nzuri, Shemasi," Fundi akamwambia. "Nilizisikia dirishani. Pale pa mtoni ndipo miguu iliponigoma."

Hapo sasa wakacheka, na Hoja naye akacheka, akajifuta macho kwa hotuba yake mwenyewe.

"Nataka kubatizwa," Fundi akasema. "Lakini siwezi peke yangu na Mchungaji. Nisamehe Mchungaji, wewe ni mwembamba. Nataka huyu anishike upande wa pili." Akamnyooshea kidole mkewe. "Nikiona uso wake nitaingia."

Minong'ono mipya. Mwanamke kisimani, kubatiza? Wazee wawili wa besi walishaanza kutikisa vichwa. Lakini Hoja alikuwa amepata uhai tena.

"Hoja, mwenyekiti! Sisi tunasema waamini wote ni makuhani, au tunaimba tu? Mchungaji abatize, mke ashike. Naomba tupige kura."

"Naunga mkono," akasema Sindano kwa haraka iliyofanya mwanamke mmoja wa benchi la saluni amkanyage mwenzake mguu.

"Wanaokubali?"

Mikono ikapanda, ya besi ikichelewa kidogo lakini ikafika. Fundi naye akainua wa kwake.

"Wewe bado, Fundi," Mchungaji akasema. "Huna kura. Teremsha."

Jumapili iliyofuata kisima kilijaa mpaka kwenye mstari wa vigae vya buluu. Vijana walitangulia, wakaingia na kutoka wakirusha maji kama bata. Ikafika zamu ya Fundi. Ngazi zile alizijenga mwenyewe, angeweza kuzishuka usingizini, lakini kwenye ile ya kwanza alisimama, na kwenye ya pili alisimama tena, kanzu nyeupe imemganda miguuni, ameshika ukingo mpaka vidole vimekuwa vyeupe. Tarumbeta alikuwa ndani tayari, maji kiunoni, kilemba kimefungwa imara. Mchungaji alisubiri. Kwaya ilirudia kiitikio, ikakirudia tena. Safu ya mbele Sindano alikuwa ameinuka nusu kwenye kiti.

"Siwezi," Fundi akasema, meno yameumana.

"Nitazame mimi."

"Nakutazama. Siwezi."

Ndipo Tarumbeta akamsogelea sikioni, akatumia dawa pekee aliyokuwa nayo.

"Unajua Sindano alipaka nywele rangi kwa ajili ya nani?"

Fundi akageuza macho. "Nani?"

"Shuka nikuambie."

Akashuka ngazi moja.

"Yule mtu wa chai iliyopoa," Tarumbeta akanong'ona, mkono mmoja ukimpita mgongoni. "Jana nimepita pale kwake, baiskeli imeegemezwa getini. Nikaitazama. Nikasema hii kengele ya shaba naijua."

"Ya Hoja?" Fundi akauliza, akashuka nyingine, maji yakamfika kifuani na hakuyaona. "Hoja na Sindano?"

"Ngoja basi. Nikajifanya naokota kitu. Mlango ukafunguka, wakatoka wote wawili, na Sindano mkononi ameshika…"

Mchungaji alikuwa kijana, lakini mjinga hakuwa. Alitamka maneno yake kwa haraka, kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, na kwa pamoja, yeye kushoto na mke kulia, wakamlaza chini. Maji yakafunga juu ya uso wake. Kanisa lote likashika pumzi pamoja naye, Maji na Kavu. Chini ya maji mkono wa Fundi ulimkamata mkewe kwenye nguo, ukamng'ang'ania.

Wakamwinua. Akaibuka anatiririka, macho mekundu, anatema, anapepesa. Kwaya ilikuwa imejaza vifua tayari kuimba. Wazee waliinama mbele ili wapate neno la kwanza la ndugu yao mpya.

Fundi akafuta uso kwa kiganja, akamgeukia mkewe.

"Halafu?" akauliza.